Malazi ya Eucabeth Huko Gesima

Ukitaka kumjua Eucabeth Mong'ina usimuulize mwenyewe habari zake, maana atakudanganya. Atakuambia yeye ni mtu mnyamavu asiyependa maneno, na kabla hajamaliza kusema hivyo atakuwa ameuza mkungu wa ndizi, amefukuza mbuzi wa watu, na amemwita dereva wa lori la Nairobi mwizi kwa sauti tamu kiasi kwamba dereva mwenyewe anacheka na kuongeza bei. Mimi namjua kwa sababu cherehani yangu inatazamana na ndizi zake hapo sokoni Keumbu. Jina langu ni Roselyne. Nashona sare za shule na za kwaya, na hasira zangu ziko karibu, lakini kwa Eucabeth hasira hazikai. Nikikasirika naye asubuhi, kufikia chai ya saa nne tunagawana mandazi.

Eucabeth ni mjane. Amelea watoto kwa ndizi hizo hizo, na wa mwisho wao ni Kwamboka. Huyo Kwamboka siku moja alipanda gari kwenda Keroka kununua viatu, na jioni akapiga simu kusema ameolewa. Viatu hata hakununua. Kijana aliyemchukua anaitwa Duke, mwana wa Mzee Ratemo wa Gesima, fundi wa kuchomelea mageti. Eucabeth alilia siku nzima, siku ya pili akanuna, na siku ya tatu akaniuliza kama nadhani huko Gesima kuna baridi sana, kwa sababu Kwamboka aliacha sweta.

Tangu hapo hakuwahi kukanyaga huko. Watu wa mbali wakisikia hivyo hushangaa, maana kutoka Keumbu unaabiri gari mpaka Keroka, unaabiri jingine, na kabla hujamaliza kugombana na kondakta juu ya chenji umeshafika. Lakini kwetu Gusii mama hajitupi kwa mkwe wake hivi hivi. Wazee wa pande mbili wakae kwanza, wale pamoja, wajuane, ndipo njia ifunguke. Na hata ikishafunguka, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe, hawapeani mkono, wala hawatazamani usoni. Tunaziita chinsoni, adabu za kuoneana haya. Vijana wa siku hizi wanazifuata wakikumbuka. Eucabeth anazifuata zote, na nadhani ameongeza zake mbili tatu.

Basi wazee ndio hawakukaa. Kwanza babu mmoja upande wa Ratemo alifariki. Kisha Ongeri, shemeji yake Eucabeth anayepaswa kuongoza upande wetu, akavunjika mguu. Mguu ulipopona ikawa ni msimu wa bonasi ya chai na hakuna mtu wa Gesima aliyekuwa na nafasi, halafu shule zikafunguliwa, halafu sijui nini. Katikati ya hayo yote mtoto akazaliwa, msichana, na Kwamboka akasisitiza aitwe Nyanchoka. Nyanchoka lilikuwa jina la marehemu mama yake Eucabeth. Kwetu ukimpa mtoto jina la aliyetangulia, ni kama mwenyewe amerudi nyumbani.

"Mama yangu amerudi," Eucabeth aliniambia siku hiyo, akiwa amekaa juu ya mkungu wa ndizi bila kujali anaziponda, "na mimi sijamsalimu."

Alikuwa na picha zake kwenye simu. Kila mteja alionyeshwa, atake asitake. Katika picha moja mtoto amelala, nyingine anapiga chafya, na nyingine, ile aliyoipenda kuliko zote, amebebwa mbele ya geti jeusi lenye jogoo wa bati juu yake, kazi ya mikono ya Duke. Mimi ile picha niliijua kuliko picha yangu ya kitambulisho. Mtoto akaota meno na kuanza kujishikilia kwenye viti, na nyanya yake bado alikuwa anamkuza kwa vidole viwili kwenye kioo chenye ufa.

Ndipo kanisani kwao wakatangaza hija ya kwenda Subukia kwa miguu.

Nieleze kwamba mimi ni Msabato. Mambo ya kutembea mpaka Subukia kwa Mama Maria hayanihusu. Lakini Eucabeth alikuja akikimbia kutoka misa, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni, akanishika mabega na kuniambia kwamba njia itapita Keroka, na kutoka Keroka itapita Gesima, na Gesima watafika jioni ya siku ya kwanza. Macho yalikuwa yanamng'aa hadi nikaogopa. Alikuwa ameshapanga kila kitu. Nyumbani kwa mkwe hawezi kuingia, sawa. Lakini barabara haina mwenyewe. Kama mahujaji watafika Gesima jioni bila mahali pa kulala, itabidi wasimame pale senta, kwenye maduka, waanze kuuliza uliza, mmoja huku, mwingine kule, na wakiwa katika kuuliza huko Kwamboka atatokea barabarani na mtoto kama mtu anayeenda dukani. Watakutana kwa bahati. Kukutana barabarani si kutembeleana. Hakuna mzee yeyote, hata Ongeri na mguu wake, atakayesema chinsoni imevunjwa.

Kikwazo kilikuwa Thadeus Anyona.

Thadeus ni mwenyekiti wa hija, karani mstaafu wa ofisi ya ardhi, mtu ambaye hata salamu zake zina ajenda. Shauri lake lilikuwa kubuku malazi ya njia nzima kabla ya kuondoka, na malazi ya siku ya kwanza aliyataka Nyansiongo, mbele kabisa ya Gesima. Gesima wangepita kwa mwendo wa haraka, bila kusimama hata kunywa maji. Eucabeth aliposikia hivyo alikosa usingizi, na mimi nikakosa amani, kwa sababu yeye akikosa usingizi huja kwangu mapema kunisimulia.

Mkutano wa kuamua ulifanyika ukumbini baada ya misa. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilikuwa nimeshona skafu za bluu za mahujaji na nilikuwa nazigawa, na nilizigawa polepole sana ili nisikose neno. Thadeus alisimama akasema kwamba simu zipo ili zitumike. Kundi la watu kama wale likiingia mji wa watu jioni bila taarifa, alisema, haliitwi hija, linaitwa wakimbizi. Wazee wengi wakaitikia kwa vichwa. Mimi mwenyewe, moyoni, nilikubaliana naye. Sisi Wasabato tukienda makambi tunajua mahema yetu miezi kabla.

Eucabeth akainuka. Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Akasema hija ni kumtumaini Mungu. Akauliza kama kuna mtu pale anayejua hoteli ambayo Yusufu alimbukia Maria.

Thadeus akasema, kwa utulivu wa mtu aliyejibu barua nyingi, kwamba Yusufu hakubuku na matokeo yake kila mtu anayajua, walilala na ng'ombe.

Ukumbi ukacheka. Nilidhani amekwisha. Lakini Eucabeth akangoja kicheko kipungue, akamwangalia Thadeus bila kupepesa.

"Na hao ng'ombe ndio waliona mtoto wa kwanza," akasema, "kabla ya wafalme na kabla ya mtu yeyote mwenye ratiba."

Wanawake wakapiga vigelegele. Sylvanus, mpiga ngoma wa kwaya, ambaye hajawahi kupenda ratiba tangu azaliwe, akapiga ngoma yake mara moja bila ruhusa, na kura ilipopigwa mikono ya kutokubuku ikawa mingi kuliko ya kubuku. Thadeus alikubali kushindwa kiungwana. Alikaa chini, akafuta miwani, akasema mapenzi ya Mungu yatimizwe. Laiti ningeziangalia vizuri zile miwani alivyokuwa akizifuta.

Nikaamua kwenda na Eucabeth mpaka Gesima. Walikuwa wanaondoka Alhamisi, kwa hiyo Ijumaa ningerudi mapema nijiandae kwa Sabato. Nilimwambia Eucabeth naenda kumshikia mwavuli. Ukweli ni kwamba singeweza kubaki nyuma ya cherehani wakati jambo kama hilo linatokea duniani bila mimi.

Safari yenyewe ilikuwa raha tupu. Thadeus alikuwa mbele na filimbi na jaketi la kung'aa, kama askari wa barabarani, na nyuma yake nyimbo, ngoma, skafu za bluu na vumbi. Watu wa boda boda walitupigia honi. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua majembe kutupungia. Eucabeth alikuwa amevaa gauni jipya chini ya fulana ya hija, na kwenye begi lake kulikuwa na ndizi sukari na kijigauni nilichomshonea mtoto, chenye kola. Kila tulipopumzika alikitoa kijigauni, akakikunjua, akakikunja, akakirudisha. Kufikia Keroka alikuwa anachechemea mguu wa kushoto, lakini mdomo haukuchoka. Aliniuliza kama mtoto atamlilia. Nikasema hapana. Akaniuliza kama atamkumbuka. Nikamwambia hawajawahi kuonana, atamkumbukaje? Akasema sisi Wasabato tuna moyo mgumu.

Pale Keroka alimpigia Kwamboka. Nilisikia sauti ya binti ikicheka kwenye simu, akisema atakuwa barabarani na mtoto, karibu na duka la dawa ya mifugo. Baada ya hapo Eucabeth hakuchechemea tena, aliruka ruka. Lakini tulipoukaribia mlima wa Gesima akapiga tena na simu haikushikwa. Akapiga tena. Haikushikwa. Mawingu yalikuwa yameshuka juu ya mashamba ya chai, na tone la kwanza la mvua likaniangukia kwenye pua.

Tulifika senta jioni, miguu inawaka. Kwenye duka la dawa ya mifugo hapakuwa na Kwamboka. Palikuwa na punda. Eucabeth alizunguka duka zima, akarudi mbele, akasimama katikati ya barabara akitazama juu na chini na mkono juu ya macho. Sitasahau jinsi uso ulivyoanza kumshuka. Mimi nilikuwa tayari kumkasirikia Kwamboka, na nikikasirika mimi, huwa nakasirika vizuri.

Hapo Thadeus akapuliza filimbi. Alipanda juu ya kreti ya soda, akakohoa, na akasema ana jambo la kukiri mbele ya kundi. Alisema kura aliiheshimu na Nyansiongo hakubuku, lakini usingizi ulimkataa kabisa akifikiria akina mama wakinyeshewa, kwa hiyo alimpigia simu Katekista Onchiri wa hapo Gesima leo asubuhi, na Katekista amepata nyumba. Nyumba kubwa ya mtu mcha Mungu, yenye sebule ya kutosha kulala kundi zima, na chakula kinapikwa sasa hivi. Kundi lililopiga kura ya kutokubuku likapiga vigelegele mpaka punda akakimbia. Sylvanus alilia machozi. Na Katekista Onchiri mwenyewe akatokea na mwavuli mkubwa, akatuambia tumfuate.

Eucabeth alinishika mkono kwa nguvu. Akaninong'oneza kwamba yeye atabaki hapo barabarani mpaka Kwamboka aje, hata ikiwa ni kunyeshewa. Lakini Thadeus akiwa na watu wake ni kama kuku na vifaranga. Alikuja mwenyewe, akachukua begi la Eucabeth, akasema hakuna mama atakayeachwa nyuma akiwa yeye mwenyekiti. Tukapanda njia nyembamba katikati ya chai, Eucabeth akigeuka kila hatua kutazama duka la dawa ya mifugo. Mvua ikaanza kushuka kweli kweli.

Njia ikapinda. Mbele yetu pakawa na nyumba ya mabati mekundu, moshi ukitoka jikoni, na geti. Geti jeusi. Juu ya geti kulikuwa na jogoo wa bati.

Nilimwangalia Eucabeth. Alikuwa amesimama kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu asiyemwona.

"Roselyne," akasema polepole, "hii geti naijua."

Thadeus alikuwa amembukia Eucabeth Mong'ina malazi kwa mkwe wake. Hakujua, masikini. Eucabeth hakuwahi kumwambia mtu yeyote kanisani Kwamboka ameolewa wapi, kwa aibu ya wazee wasiokaa. Sasa mahujaji walikuwa wakiingia mmoja mmoja wakipanguza miguu, Mzee Ratemo akiwakaribisha kwa mikono miwili, na kupitia lile geti nikamwona Kwamboka akitoka jikoni na sufuria la ugali ambalo kichwa kizima cha mtu kingeingia. Basi ndiyo maana hakuwa barabarani. Ametangaziwa wageni saa tisa, mke wa nyumba, angetokaje?

Akainua macho, akamwona mama yake nje ya geti, kwenye mvua, na skafu ya bluu. Sufuria likayumba. Hakupiga kelele. Alifunika mdomo kwa mkono, na nikaona mabega yake yanatikisika, na sikujua analia au anacheka, nadhani ni vyote viwili. Nyuma yake, kwenye mlango wa jikoni, kivuli cha mwanamume kikachungulia, kikaona kilichokuwa getini, na kikatoweka.

Na Eucabeth akatimua mbio. Mwanamke aliyekuwa na malengelenge miguu yote miwili aligeuka, akainua gauni, na kuteremka ile njia kama msichana aliyeona nyoka. Thadeus akapuliza filimbi. Mimi nikafuata na mwavuli, nikicheka kiasi cha kushindwa kupumua, nikiteleza, nikimwita asimame. Hakusimama mpaka alipoona banda la kupimia majani chai, lile la wakulima, chini kidogo ya njia. Banda ni la kila mtu. Halina mwenyewe, kama barabara. Akaingia, nami nikaingia nyuma yake.

Ndani kulikuwa kukavu na kulinuka majani mabichi. Mzani ulikuwa unaning'inia. Na kwenye kona ya mbali alikuwa amesimama kijana mrefu, amelowa, anahema, aliyekuwa ametoka mbio kwa njia ya nyuma ya jikoni kumkwepa mama mkwe wake, na katika Gesima nzima akachagua banda lile lile.

Kisha Duke akafanya anachofanya kijana yeyote wa Kigusii aliyelelewa vizuri. Akageuka upesi, akamwelekeza mama mkwe mgongo, akatazama ukuta.

Na mgongoni kwake, amefungwa kwa leso ya manjano, alikuwa Nyanchoka.

Adabu ilikuwa imemgeuza mtoto akatazamana na nyanya yake ana kwa ana. Alikuwa na macho makubwa na mashavu ya kushiba, na mvua haikumgusa hata tone, maana baba yake alikuwa amemfunika na jaketi lake mwenyewe. Alitutazama kama mzee wa baraza anayesubiri watu wajieleze. Eucabeth alikuwa amejifunika uso kwa skafu, jinsi inavyotakiwa, lakini jicho moja lilikuwa nje, na jicho hilo halikuwa la chinsoni.

"Mama, unisamehe," Duke akaambia ukuta. "Nilidhani mko upande ile ya juu."

"Usigeuke."

"Sigeuki, Mama."

Mvua ilikuwa inapiga mabati. Nilijaribu kuuma mdomo nisicheke na nikashindwa, nikajifanya nakohoa. Eucabeth alisogea hatua moja. Kisha nyingine.

"Nani amefunga hii mtoto?" akauliza.

"Ni mimi."

"Ni Kwamboka amekufundisha?"

"Nilijifundisha. Kwamboka akienda kuchuma chai mimi ndiye hubeba yeye. Kila siku." Akaikaza leso kifuani. "Hata nikipima vyuma vya geti, kabla ya kuwasha moto, yeye analala hapo nyuma."

Mimi ninaujua uso wa Eucabeth wakati anauza, wakati anadanganywa, na wakati anadanganya. Huu sikuwa nimeuona. Kwa muda wote ule Kwamboka alipokuwa Gesima, tulizungumza juu ya sweta na baridi na wazee, na kumbe mwanamke huyu alikuwa na swali moja tu ambalo hakuwahi kulisema hata kwangu: mtoto wangu amechukuliwa na mtu wa namna gani? Nililiona likimtoka usoni pale pale. Nilianza kulia na bado nilikuwa nacheka, kitu cha aibu sana kwa mtu mzima.

"Fungua," akasema.

Duke alifungua fundo kifuani, akainama mbele kama wanavyoinama wanawake, polepole, mkono mmoja nyuma akimshika mtoto asiteleze, na hakugeuza shingo hata kidogo. Eucabeth akanyoosha mikono akampokea. Alimwinua mbele ya uso wake. Kisha akamsalimu kwa Ekegusii, si kama unavyosalimu mtoto, bali kama unavyomsalimu mama yako uliyekaa siku nyingi bila kumwona, kwa heshima, akimuuliza njia ilikuwaje na kama wa huko alikotoka hawajambo. Nyanchoka alimsikiliza. Alipomaliza, mtoto akamshika pua kwa mkono wote na kuivuta.

Hapo ndipo Thadeus alipoingia, filimbi mdomoni na maji yakimtiririka kofiani. Alikuwa amekuja kumfuata hujaji aliyetoroka malazi mazuri. Alifungua mdomo kuanza kugomba. Akamwona mwanamke na mtoto, akamwona kijana anayetazama ukuta, na nikaona akili ya karani ikiunganisha mambo moja kwa moja mpaka ikafika mwisho. Thadeus ni Mgusii kama sisi. Alivua kofia, akaenda akasimama kando ya Duke, na yeye pia akatazama ukuta. Ikawa sasa nina wanaume wawili wa kutazama ukuta.

"Mimi nilikuwa nabuku tu," akamwambia Duke kwa sauti ya chini.

"Ni sawa, Mzee," Duke akasema. "Karibu."

Nilikaa chini kwenye gunia nikacheka mpaka mbavu zikaniuma, na Eucabeth akaanza kucheka pia, na mtoto akaona tunacheka naye akacheka, meno yake manne yote nje. Tulikuwa bado katika hali hiyo Kwamboka alipofika akikimbia bila mwavuli, unga wa ugali kwenye viganja, akaanguka shingoni kwa mama yake. Sikusikia waliambiana nini. Nilienda na mimi kusimama ukutani.

Kulala kwa Ratemo, Eucabeth alikataa katakata, na hakuna aliyemlazimisha. Mama mmoja mjane, anayepakana na banda, aliposikia habari alikuja kumchukua akamlaza kwake, na mimi nikalazwa hapo pia, chumba kimoja na kuku watatu. Mahujaji wengine walilala sebuleni kwa Ratemo na walisema asubuhi kwamba magodoro yalikuwa mazuri ajabu. Mzee Ratemo mwenyewe alituma neno kupitia mkewe kwamba anaona haya kuliko sisi sote, na kwamba wazee watakaa mara tu Eucabeth akirudi kutoka Subukia. Eucabeth akajibu kwamba wasipokaa atawakalisha, na kila mtu anayemjua aliamini.

Asubuhi ya Ijumaa mvua ilikuwa imekatika na chai ilikuwa inang'aa mlima mzima. Thadeus alipuliza filimbi, Sylvanus akaanza ngoma, na skafu zangu za bluu zikajipanga barabarani. Kwamboka alikuwepo safari hii, na Nyanchoka alikuwa amevaa kijigauni chenye kola, kimembana kidogo, maana nilikikata kwa kukisia kutoka kwenye picha. Eucabeth alimbusu mtoto mahali pote palipobusika. Halafu akaja kuniaga mimi, niliyekuwa narudi Keumbu kwenye cherehani na Sabato yangu.

Nilimuuliza jambo ambalo mtu yeyote angeuliza. Nikamwambia, basi, mkwe wako umemwonaje?

"Sijamwona," akasema, akikaza begi begani. "Nimeona mgongo wake." Alitazama juu ya mlima kidogo, upande wa lile geti. "Roselyne, mtoto wangu ameolewa vizuri."

Kisha akalikimbilia kundi lake, akichechemea na kuimba kuliko wote.